Wizara Isiyo na Amri? Uhakiki wa Uandishi wa Historia ya Wizara ya Vita ya Prussia, 1809–1919

Katika vitabu vingi vinavyosimulia historia ya jeshi la Prussia, Wizara ya Vita huonekana mara mbili. Kwanza huonekana mwaka 1809, ikiwa changa na yenye matumaini mikononi mwa Scharnhorst na wenzake. Kisha huonekana mwaka 1883 ikinyang'anywa mamlaka. Baada ya hapo hutoweka jukwaani, na nafasi yake huchukuliwa na Mnadhimu Mkuu, mipango yake ya vita na, hatimaye, Hindenburg na Ludendorff. Uhakiki huu unauliza iwapo masimulizi hayo yanatosha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba udhaifu wa Wizara, ambao wanahistoria wameueleza kwa usahihi mkubwa, ulikuwa pia kinga yake. Waziri aliyeweza kuliambia Bunge kwamba jambo fulani ni la amri ya mfalme, wala si la utawala wake, alikuwa amejivua wajibu wa kujibu bila kujivua uwezo wa kutenda. Wanahistoria walioipokea kauli hiyo kama maelezo ya hali halisi wameupokea pia udhuru uliomo ndani yake.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Sheria ya dola ya Prussia ilitenganisha Kommandogewalt, yaani uwezo wa mfalme wa kuliamuru jeshi moja kwa moja, na Verwaltung, yaani utawala wa jeshi: fedha, sheria, mavazi, chakula, silaha, majengo na uandikishaji. Katika Kiswahili neno "amri" hubeba mambo mawili kwa pamoja, agizo lenyewe na mamlaka ya kulitoa, hivyo si rahisi kuutafsiri mpaka huo. Katika makala haya "amri" itatumika kwa maana ya kwanza ya Kijerumani tu, na "utawala" kwa ile ya pili. Ugumu huo wa tafsiri una faida yake, kwa kuwa unatukumbusha kuwa mpaka wenyewe haukuwa wa asili. Ulichorwa na watu, ukasogezwa mara kwa mara, na kila uliposogezwa palikuwa na aliyenufaika. Aidha, Kriegsministerium inatafsiriwa hapa kama Wizara ya Vita. Kuiita Wizara ya Ulinzi ni kuivika lugha ya karne iliyofuata.

Asili ya Wizara inafahamika vizuri na haihitaji kurefushwa. Baada ya Prussia kushindwa na Napoleon huko Jena na Auerstedt tarehe 14 Oktoba 1806, wanamageuzi waliona kuwa ofisi nyingi zilizokuwa zikishindana kumshauri mfalme ndizo zilizochangia maangamizi hayo. Agizo la tarehe 25 Desemba 1808 liliziunganisha chini ya Wizara moja iliyoanza kazi tarehe 1 Machi 1809, ikiwa na idara kuu mbili: moja ya mambo ya vita kwa ujumla, iliyoongozwa na Scharnhorst, na nyingine ya uchumi wa jeshi. Hakuteuliwa waziri. Mfalme Friedrich Wilhelm III aliukubali umoja wa ofisi, lakini hakuwa tayari kuona mtu mmoja akisimama kati yake na jeshi lake. Ilibidi kungoja hadi 1814 ndipo Hermann von Boyen akawa waziri kamili, akatoa sheria ya tarehe 3 Septemba ya mwaka huo iliyoweka utumishi wa lazima jeshini. Boyen alijiuzulu mwaka 1819, baada ya jeshi la akiba la raia alilolithamini kuanza kubanwa. Kwa hiyo Wizara ilizaliwa na kasoro ambayo baadaye ingeitwa hila. Iliunganisha kila kitu isipokuwa kile ambacho mfalme alikitaka kibaki mkononi mwake.

Gordon Craig, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu siasa za jeshi la Prussia, ndiye aliyeyapa masimulizi ya kudhoofika kwa Wizara umbo ambalo bado linatawala vitabu vya kufundishia. Anatuonesha jinsi Katiba ya 1850 ilivyodai saini ya waziri katika matendo ya mfalme, huku ikilizuia jeshi kula kiapo kwa Katiba hiyo. Anatuonesha pia jinsi agizo la Januari 1861, wakati wa Albrecht von Roon, lilivyoziondoa amri za kijeshi katika sharti la saini ya waziri, na jinsi mwaka 1883 ulivyokamilisha kazi. Tarehe 8 Machi 1883 Ofisi ya Kijeshi ya Mfalme, iliyoshughulikia uteuzi na upandishaji vyeo vya maofisa, ilitolewa ndani ya Wizara. Tarehe 24 Mei mwaka huohuo Mnadhimu Mkuu alipewa haki ya kumwona mfalme bila kupitia kwa waziri. Waziri Georg von Kameke, aliyedhaniwa kuwa mpole mno mbele ya Bunge, aliondoka. Mrithi wake, Paul Bronsart von Schellendorff, alikubali wadhifa huku ukipunguzwa.

Mpangilio huu wa matukio ni sahihi. Craig anaona vizuri kabisa lengo lake: kuliondoa jeshi machoni pa wabunge kwa kumnyima waziri, ambaye ndiye pekee aliyewajibika kuwajibu, mambo ambayo wangependa kumuuliza. Tatizo linaanza pale anapoendelea. Akiisha kuonesha kuwa waziri amenyimwa amri, Craig huandika kana kwamba amenyimwa pia uwezo, na tangu hapo macho yake yanawafuata wale wenye amri. Gerhard Ritter, katika juzuu zake nne zilizotoka kati ya 1954 na 1968, anafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Kwake mgogoro mkuu ni kati ya mwanasiasa na askari, kati ya Kansela na Mnadhimu Mkuu, na katika pambano la namna hiyo waziri wa vita hana upande wa kusimama. Ni mtu wa katikati, na watu wa katikati hawaandikiwi sura.

Lakini baada ya 1883 Wizara ilibaki na bajeti. Ilibaki na utungaji wa miswada ya jeshi, ununuzi wa silaha, chakula, hospitali na karatasi zote zilizohusu nani aandikishwe na nani aachwe. Ikumbukwe pia kwamba Dola ya Ujerumani ya 1871 haikuwa na wizara ya vita ya dola. Kulikuwa na wizara nne za kifalme: ya Prussia, ya Bavaria, ya Saksonia na ya Württemberg, na ni waziri wa Prussia aliyesimama katika Bunge la Dola kulisemea jeshi zima. Mtu huyo, aliyesemekana kuwa hana nguvu, ndiye aliyeomba fedha ambazo bila hizo hakuna mpango wa Mnadhimu Mkuu ambao ungevuka ukurasa ulioandikwa.

Mwaka 1913 unatupatia mifano miwili inayostahili kusomwa pamoja, ingawa kwa kawaida huwekwa katika sura tofauti. Wa kwanza ni mkasa wa Zabern, mji mdogo wa Alsace. Luteni kijana aliwatukana wenyeji, maandamano yakazuka, na mwishoni mwa Novemba kanali wa kikosi akaamuru raia wakamatwe mitaani bila idhini ya mamlaka ya kiraia. Bunge lilipotaka majibu, Waziri Erich von Falkenhayn alisimama kulitetea jeshi na kulisisitizia kwamba nidhamu na amri si mambo ya wabunge. Tarehe 4 Desemba wabunge 293 dhidi ya 54 walipiga kura ya kutokuwa na imani na Kansela Bethmann Hollweg. Kansela hakuondoka madarakani. Mkasa huu hutumika kuonesha unyonge wa Bunge, na ni kweli. Ila tutazame pia alichokifanya waziri. Mpaka kati ya amri na utawala, ambao Craig anaueleza kama kamba iliyomfunga, ulikuwa siku ile ngao mkononi mwake, naye aliutumia kwa ustadi na bila dalili yoyote ya majuto.

Mfano wa pili ulitangulia kwa miezi michache. Desemba 1912 Ofisi ya Mnadhimu Mkuu, kwa kalamu ya Ludendorff, ilidai jeshi liongezwe takriban watu 300,000, pamoja na vikosi vikuu vitatu vipya. Waziri Josias von Heeringen alikataa vikosi hivyo. Sababu moja aliyoitoa, mnamo Januari 1913, ni kwamba jeshi kubwa kiasi hicho lingehitaji maofisa wengi kuliko matabaka yaliyozoeleka yangeweza kutoa. Ingebidi wachukuliwe watu kutoka katika tabaka lisilofaa, na jeshi lingefunguliwa mlango wa demokrasia. Sheria iliyopita mwaka 1913 ilitoa chini ya nusu ya idadi iliyodaiwa, na Ludendorff akaondolewa Berlin na kupelekwa kuongoza kikosi cha kawaida. Eckart Kehr aliuona umuhimu wa hoja hii ya kitabaka mapema, mwaka 1932. Stig Förster, mwaka 1985, aliijenga kuwa nadharia kamili ya aina mbili za umajeshi: ule wa kihafidhina kutoka juu, uliolitaka jeshi dogo na la kuaminika dhidi ya wafanyakazi, na ule wa matabaka ya kati kutoka chini, uliolitaka taifa zima chini ya silaha. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Förster ndiye aliyeikaribia zaidi Wizara kama ilivyokuwa. Hata hivyo, hata yeye hasemi waziwazi jambo linalotokana na ushahidi wake mwenyewe. Ofisi iliyodaiwa kuwa tupu tangu 1883 iliweza, mwaka 1913, kumkatalia Mnadhimu Mkuu vikosi vitatu na kushinda. Iliweza kwa sababu muswada ulikuwa wake.

Kwa nini basi taswira ya wizara tupu imedumu? Sehemu ya jibu ni ya kimasjala. Mafaili ya jeshi la Prussia, yakiwemo ya Wizara, yalihifadhiwa Potsdam, na sehemu yake kubwa mno iliteketea katika shambulio la ndege za Uingereza tarehe 14 Aprili 1945, wiki chache kabla ya vita kumalizika. Watu mashuhuri waliacha kumbukumbu zao zilizochapishwa. Ludendorff alianza kuandika zake punde tu baada ya kushindwa, na Hindenburg naye akafuata. Makarani wa idara za Wizara hawakuandika kumbukumbu. Kilichobaki baada ya moto kiliwapendelea wenye majina, na historia iliyoandikwa kutokana nacho ikawa historia ya wenye majina.

Bavaria, kwa upande wake, ilihifadhi. Kwa mapatano ya Novemba 1870 ufalme huo ulibaki na jeshi lake chini ya mfalme wake wakati wa amani, na kwa hiyo na wizara yake, ambayo mafaili yake yako München hadi leo. Kwa kuwa Berlin iliziandikia wizara nyingine tatu mara kwa mara, nakala nyingi za barua zilizoungua Potsdam zinasomeka katika majalada ya waliozipokea. Msomi wa Wizara ya Prussia anafanana na mtu anayesikiliza mazungumzo ya simu kutoka upande mmoja. Njia hiyo ina hatari zake, kwani Bavaria haikuwa Prussia. Tofauti kubwa zaidi inahusu hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1914. Kwa sheria ya Prussia ya 1851, majenerali makaimu waliobaki katika kanda za nyumbani walipewa mamlaka ya kiraia, nao waliwajibika kwa Kaisari tu. Huko Bavaria waziri wa vita aliwekwa juu yao tangu mwanzo. Wilhelm Deist, katika mkusanyo wake wa nyaraka wa 1970, anauweka mfumo wa Bavaria kando ya ule wa Prussia, na mlinganisho huo peke yake unatosha kuonesha kuwa kutowajibika kwa Berlin hakukuwa lazima ya vita. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili majirani wawili, katika vita ilele, waliendesha mambo kwa njia mbili, na Prussia ilisogea upande wa mwenzake Desemba 1916 tu, ilipomfanya waziri kuwa mkuu wa majenerali hao.

Wakati wa vita uwezo wa Wizara uliongezeka kiasi ambacho hakuna aliyekitazamia. Agosti 1914 Walther Rathenau alipendekeza iundwe Idara ya Malighafi za Vita, akaiongoza mwenyewe hadi Machi 1915. Idara hiyo ilianza na watu wachache, ikaishia kugawa metali, pamba na kemikali za nchi nzima. Gerald Feldman, katika kazi yake ya 1966 kuhusu jeshi, viwanda na wafanyakazi, anaielezea Wizara kama chombo kilichokuwa na sera yake. Ilijaribu kuzuia faida za wenye viwanda zisivuke mipaka na kusikilizana na vyama vya wafanyakazi, hadi Hindenburg na Ludendorff walipoingia mwishoni mwa Agosti 1916 na kuilazimisha ikubali Ofisi ya Vita chini ya Wilhelm Groener. Kitabu cha Feldman ndicho kinachopaswa kusomwa kwanza na yeyote anayetaka kuielewa Wizara. Hata hivyo, wema ambao Feldman anauona unahitaji kuwekwa kando ya waraka ambao si sehemu ya mada yake, nao ulitoka katika jengo lilelile la Leipziger Straße.

Tarehe 11 Oktoba 1916 Waziri Adolf Wild von Hohenborn aliagiza vikosi vyote vihesabu askari Wayahudi: walioko mstari wa mbele, walioko nyuma, na walioachwa nyumbani. Sababu iliyotajwa ilikuwa malalamiko yaliyoifikia Wizara kwamba Wayahudi wengi mno wanakwepa utumishi wa mstari wa mbele. Wizara haikusema kuwa inaamini malalamiko hayo. Ilisema inataka takwimu ili iweze kuyajibu. Matokeo hayakutangazwa wakati wa vita. Takriban Wayahudi 100,000 walilitumikia jeshi la Ujerumani katika vita hivyo na wapatao 12,000 walikufa. Baada ya vita, takwimu zilizovujishwa na kupotoshwa zilichapishwa na wachochezi, na ilibidi Jacob Segall na Franz Oppenheimer wazijibu kwa vitabu mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Werner Angress, aliyeuchunguza waraka huo kwa kina mwaka 1978, na waliomfuata wameuliza sana ni nani aliyeutaka: wabunge, vyama vya chuki, Amri Kuu mpya, au maofisa wa Wizara yenyewe. Ni swali halali, lakini limeuweka mjadala ndani ya fikra ileile ya amri, yaani kwamba tukimpata aliyeagiza tutakuwa tumempata mwenye jukumu. Fomu yenyewe inatuambia mambo ambayo swali hilo haliyagusi. Hakuna jenerali aliyehitaji kumwamuru mtu yeyote achukie. Kila karani wa kikosi alipewa safu za kujaza, na kila askari Myahudi aliyeitwa na kuulizwa dini yake mbele ya wenzake alijua mara moja kuwa nchi yake inamshuku. Uwezo huo ulikuwa wa utawala mtupu, ule ambao Craig alidhani hauna uzito. Halafu ukimya ukafuata. Wizara iliyodai kuhesabu ili ijibu uvumi ilikaa na majibu kabatini na kuuacha uvumi uendelee kutembea. Inastahili kukumbukwa pia kwamba Rathenau, aliyeipa Wizara hiyohiyo idara yake yenye mafanikio makubwa kuliko zote, alikuwa Myahudi ambaye jeshi la Prussia lilikuwa limekataa kumpa cheo cha ofisa wa akiba. Aliuawa na wazalendo wenye siasa kali Juni 1922.

Msomaji anaweza kupinga kwamba uhakiki huu unaipa Wizara zaidi ya inavyostahili. Kupokonywa uteuzi wa maofisa mwaka 1883 kulikuwa hasara ya kweli. Mawaziri kadhaa walilalamika, na Walther Bronsart von Schellendorff alijiuzulu mwaka 1896 baada ya kushindwa kuleta kesi za kijeshi zinazosikilizwa hadharani. Pingamizi hilo linakubalika kwa kiasi. Mawaziri hawakuwa watu wa namna moja, na mwaka 1896 ni ushahidi kuwa mpaka ule uliweza pia kumuumiza aliyekuwa upande wake wa ndani. Lakini huyu alijiuzulu, na wengi hawakujiuzulu. Tofauti hiyo haionekani katika historia inayowaweka wote katika kapu moja la wanyonge.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tahadhari moja inafaa. Anayetafuta vita vya Maji Maji katika historia ya Wizara hii hatavipata. Jeshi la ulinzi la koloni halikuwa chini ya Wizara ya Vita ya Prussia. Lilianza chini ya ofisi ya jeshi la majini, kuanzia 1896 likawa chini ya Kansela kupitia idara ya makoloni, na kuanzia 1907 chini ya wizara ya makoloni. Maofisa walitoka katika jeshi la nyumbani, lakini makaratasi yalikwenda kwingine. Yeyote anayetumia mafaili ya Wizara, au kutokuwapo kwake, kueleza ukatili wa 1905 hadi 1907 ameingia ofisi isiyo yake.

Wizara ilimezwa na wizara mpya ya jeshi la Jamhuri mwaka 1919, na katika miaka ya 1930 mahali ilipokuwa pakajengwa wizara ya anga ya Göring. Ushahidi mmoja zaidi kuhusu ndani ya jengo lile la zamani umetufikia, nao pia umetoka München. Jenerali Karl von Wenninger alikuwa mwakilishi wa kijeshi wa Bavaria mjini Berlin. Katika shajara yake ya tarehe 31 Julai 1914, siku ilipotangazwa hatari ya vita, anaeleza alivyokwenda Wizara ya Vita ya Prussia na kukuta nyuso zinazong'aa na watu wakipeana mikono koridoni, wakipongezana kana kwamba wamevuka kizuizi. Maelezo haya yamerejelewa mara nyingi katika mijadala ya chanzo cha vita kama kielelezo cha hisia za "majenerali" kwa ujumla. Ni nadra kwa mtu kuuliza kwa nini furaha hiyo ilikuwa katika koridoni zile. Siku mbili kabla, tarehe 29 Julai, aliyedai hatari ya vita itangazwe mara moja alikuwa Falkenhayn, waziri wa vita, wakati Moltke, Mnadhimu Mkuu mwenye amri, alikuwa bado anasita. Waliopeana mikono walikuwa watumishi wa waziri huyo, na walijua wanapongezana kwa lipi.